Samaki watano wadogo wa mwambani kwa tangi la maji ya chumvi Malindi: yupi akufae?

Mtu akirudi na mashua ya kioo kutoka ufuo wa Casuarina, macho bado yamejaa rangi, swali huwa lile lile: huyu mdogo mmoja naweza kumfuga nyumbani? Anafugika, lakini kwa masharti. Dukani rangi ndiyo inayouza. Nyumbani wanaoua ni wengine: joto la chumba mwezi wa tatu, stima inayokatika saa nane usiku, na tabia ya samaki mwenyewe akishazoea pale alipo.

Ulinganisho huu ni wa mwenye nia ya tangi moja la kioo, sebuleni, kwenye nyumba ya wageni au chumba cha kusubiri kliniki, naye amekwama kati ya aina tano zinazopatikana zaidi: samaki wa anemoni (anemoni ni mnyama wa mwambani mwenye mikono ya sumu), domino na mwenzake wa mistari, kromisi wa kijani, anthiasi, na gobi mwenye kamba wake.

Tuelewane mapema kuhusu wanakotoka. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu, na ndani yake hakitolewi kitu, awe samaki, kombe au tumbawe lililokufa zamani. Nje ya hifadhi, kuvua samaki wa mapambo kwa biashara ni kazi ya leseni. Muulize muuzaji samaki alivuliwa wapi na lini, kisha aombwe amlishe mbele yako. Samaki asiyekula dukani usitegemee ataanza kula kwako.

Tunavyowapima

Vigezo ni vitano. Nafasi: lita ngapi, na je aishi peke yake, wawili au kundi. Ukali: baharini samaki akifukuzwa huogelea mita tano yakaisha, ndani ya kioo hufukuzwa mpaka afe. Chakula: mara ngapi kwa siku, kwa kuwa wapo wanaostahimili mwenye nyumba kwenda Mombasa siku mbili na wapo wasiostahimili kabisa. Hewa na joto: nani huanza kutweta stima ikikatika. Mwisho, yale yanayoharibika mara nyingi na sababu zake.

Bei hatukuiweka. Samaki wa bei ndogo akifa mara tatu si wa bei ndogo tena.

Maji kwanza, maana ni yale yale kwa wote

Joto liwe nyuzi 25 hadi 27, chumvi 1.024 hadi 1.026 kwenye kipimo, pH (kipimo cha asidi) 8.1 hadi 8.4, amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na kinyesi na mabaki, sufuri, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. Tangi jipya hukaa wiki 4 hadi 6 bila samaki hata mmoja. Tia kipande cha kamba mbichi wa baharini, cha ukubwa wa kidole gumba, kioze humo. Amonia itapanda, kisha nitraiti, halafu zote mbili zitashuka hadi sufuri. Hapo ndipo bakteria wa kutosha wamekaa kwenye mawe na mchanga, na tangi liko tayari.

Maji ya bahari hapa ni bure, ila yana siku zake na mahali pake. Novemba na Desemba mvua za vuli hujaza mto Sabaki, na kaskazi inapoanza kuvuma mkondo husukuma tope kusini mpaka ghuba ya Malindi ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Kusi ikivuma tope hilo huelekea kaskazini. Chota wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa tele, mbali na mdomo wa mto, gati na mifereji ya mahoteli. Madumu yawe ya plastiki ambayo hayajawahi kutiwa mafuta wala sabuni. Yaweke gizani wiki moja yatulie, mimina ya juu uache mashapo, yapulizie hewa siku nzima, ndipo upime chumvi. Baada ya masika pima kila safari, kwa kuwa mvua kubwa hupunguza chumvi ya maji ya juu.

Maji yanayopungua kwa mvuke hujazwa kwa maji matamu. Chumvi haiondoki na mvuke, hubaki tangini. Ukijazia maji ya bahari, baada ya mwezi kipimo kitakuonyesha 1.030 na samaki watakuwa wamesimama kona moja. Visima vingi vya mjini vina chumvichumvi, na ya mfereji huenda yana klorini, basi tumia yaliyochujwa kwa mashine, yale ya mtungi wa lita 20. Tangi la lita 200 lenye feni huweza kupoteza lita 2 hadi 4 kwa siku.

Hiyo feni ni lazima. Hita ya tangi, ambayo vitabu vya nchi za baridi huiweka mwanzo wa orodha, kwa Malindi ni pesa za kutupa. Feni ndogo ikipuliza uso wa maji hushusha joto nyuzi 2 hadi 3, na kati ya Februari na Aprili hizo nyuzi ndizo uhai wenyewe, kwa sababu maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba hewa kidogo.

Nunua pia pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki. Stima ikikatika usilishe, washa pampu hiyo. Huna, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu kila baada ya dakika chache. Kama chujio lako ni la mkebe uliofungwa na limezimika saa nyingi, usiliwashe hivi hivi stima ikirudi. Bakteria wa ndani wamekosa hewa na kufa, na maji yale ni sumu. Fungua mkebe, mwaga, suuza kwa maji ya chumvi, ndipo uwashe.

Kwa mawe, la machimbo linatosha, lile lile jiwe la matumbawe linalojengea nyumba za pwani. Chagua vipande vyepesi vyenye matundu, visivyoguswa na saruji. Sugua, loweka wiki tatu, badili maji mpaka yasitoe udongo.

Samaki wa anemoni

Maji ya Kenya yana wawili. Amphiprion akallopisos ana rangi kati ya waridi na machungwa, na mstari mmoja mweupe kutoka mdomo wa juu ukapita mgongoni mpaka mkiani. Amphiprion allardi ni wa kahawia au machungwa mazito, mikanda miwili myeupe, mkia mweupe. Yule wa mikanda mitatu anayejulikana na kila mtoto, Amphiprion ocellaris, si wa kwetu. Asili yake ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Sifa yake moja ni kwamba huzalishwa sana kwenye matangi, kwa hiyo hufika akiwa amezoea kioo na chakula kikavu cha chenga.

Nafasi. Jozi ya akallopisos au ocellaris hutosheka na lita 100. Allardi hufika sentimita 14, huyo mpe 200.

Ukali. Ni mpole kwa majirani na mkali kwa wa aina yake. Hawa huanza maisha wakiwa madume, na aliye mkubwa kuliko wote kwenye kikundi hugeuka jike. Ndiyo maana wanunuliwe wawili wadogo, mmoja amzidi mwenzake kwa wazi: mkubwa atakuwa jike, mdogo atabaki dume na jozi imejipanga yenyewe. Ukichukua wawili wakubwa waliolingana, huenda umechukua majike mawili, na kabla ya wiki kwisha mmoja atakuwa na mapezi yaliyochanika, ananing'inia juu kwenye kona. Usichanganye aina mbili kwenye tangi dogo. Na jike likiwa na mayai litakuuma mkono. Haliumizi, ila hushtua.

Chakula. Mara mbili kwa siku: kamba iliyokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, chenga, na mwani kidogo. Siku mbili bila chakula hazimsumbui akishakuwa mtu mzima.

Hewa na joto. Anavumilia vizuri. Haogelei sana, hutumia hewa kidogo.

Kinachoharibika. Kwanza ni anemoni. Watu hununua samaki na anemoni siku moja, wakidhani mmoja hawezi kuishi bila mwingine. Baharini ni kweli, maana bila mikono ile ya sumu ataliwa mchana kweupe. Tangini hana adui, na atachukua mdomo wa chungu au kona ya jiwe akaifanya kwake. Anemoni inataka tangi lililokomaa miezi sita au zaidi, mwanga mkali, na nitrati chini ya 10. Isipopapenda ilipowekwa hutembea, na ikifika kwenye mdomo wa pampu hukatwakatwa, na sumu yake huweza kuua tangi zima usiku mmoja. Heteractis magnifica, ambayo akallopisos huipenda, hukua ikapita nusu mita. Iache baharini.

La pili ni ugonjwa wa Brooklynella, unaowakumba hasa waliovuliwa. Ngozi hutoa ute mweupe mzito, samaki hutweta, na ndani ya siku chache amekufa. Shaba, dawa inayotumika kwa ugonjwa wa madoa meupe, haifanyi kitu hapa. Dawa yake ni josho la fomalini, na josho hilo hufanywa kwenye ndoo ya pembeni yenye hewa nyingi. Hii ni sababu tosha ya kumweka kila mgeni kwenye tangi la pembeni siku 30.

Anamfaa anayeanza, mwenye nafasi ndogo, na anayetaka samaki atakayemjua mwenyewe. Huyu kweli huja mbele ya kioo ukikaribia.

Domino na mwenzake wa mistari

Domino, Dascyllus trimaculatus, ni mweusi ti mwenye madoa matatu meupe: moja kipajini, mawili ubavuni, moja kila upande. Akiwa mtoto hukaa kwenye anemoni pamoja na wenyeji wake. Mwenzake, Dascyllus aruanus, ni mweupe mwenye mikanda mitatu myeusi. Huyu utamwona kwenye maji kupwa juu ya tumbawe la matawi, kikundi kinaelea kama vipande vya karatasi. Pitisha kivuli cha mkono: wote huzama kati ya matawi kwa pamoja. Ondoa mkono, watapanda mmoja mmoja, wadogo wakibaki karibu na tawi na wakubwa wakienda juu zaidi. Mpangilio huo wa nani akae wapi wataubeba mpaka tangini kwako.

Nafasi. Dukani domino ni wa ukubwa wa kucha. Mpe miaka atafika sentimita 14, doa la kipajini limefifia na weusi umekuwa wa majivu. Mmoja ahesabiwe lita 200. Wa mistari hubaki kwenye 8 hadi 10, lita 120 zinamtosha.

Ukali. Hapa hana mpinzani. Domino aliyekomaa humshambulia samaki aliyemzidi mara mbili, na mkono wako pia. Dawa ni mpangilio: aingie wa mwisho, wengine wakishakuwa na maskani yao. Akiingia wa kwanza, tangi lote ni shamba lake.

Chakula. Chochote, mara moja au mbili.

Hewa na joto. Mgumu kuliko wote watano.

Kinachoharibika. Ugumu wake ndio umemponza. Wauzaji wengi bado hushauri utie domino watatu ili kuanzisha tangi jipya, wakojoe humo, bakteria waje. Amonia huwaunguza mashavu, mara nyingi hawafi, na baada ya wiki sita una tangi zuri lenye madikteta watatu. Kipande cha kamba kingefanya kazi hiyo hiyo.

Kumtoa ni shida, maana ukigusa wavu tu anaingia mawe. Chukua chupa ya plastiki ya lita 2, kata shingo, igeuze iingie ndani ya chupa kama faneli, tia kamba kidogo na jiwe la kuizamisha. Mwache na njaa siku moja kwanza. Mara nyingi huingia kabla ya saa moja.

Anamfaa mwenye tangi la ofisi au shule lisilopata uangalizi wa kila saa, na asiyetaka kumchanganya na wapole.

Kromisi wa kijani

Chromis viridis, kijani kinachogeuka samawati mwanga ukimpiga ubavuni, ndiye watu wanayemtaka wakisema nataka kundi. Hufika sentimita 8, pengine 10.

Nafasi. Wasipungue sita, na lita zisipungue 250, tangi refu kuliko kwenda juu.

Ukali. Kwa wengine hana neno. Kwao wenyewe kuna ngazi, nayo haionekani mpaka uhesabu.

Chakula. Mara tatu, kidogo kidogo, vitu vidogo vinavyoelea.

Hewa na joto. Wengi, wanaogelea kutwa: hawa huanza kutweta juu ya maji wakati samaki wa anemoni bado hana habari.

Kinachoharibika. Ulinunua saba. Baada ya miezi mitatu wako watano, baada ya mwaka wawili, na maji yamepimwa kila wiki hayana kasoro. Baharini kundi ni la mamia, na uonevu hugawanyika kwa wengi hata hauumizi. Wakiwa saba, wa chini kabisa ndiye anayebeba yote. Anaumwa, hali, anajificha nyuma ya pampu, halafu anafuata aliye juu yake. Jeraha likiingiwa na Uronema, kijidudu kinachoishi majini hata bila samaki, utaona doa jekundu ubavuni, na tiba ya kutegemewa hakuna. Ushauri wa kununua idadi isiyogawanyika kwa mbili hauna maana yoyote. Kinachosaidia ni kuwatia wote siku moja, wawe wa ukubwa mmoja, uwape matawi mengi ya kujifichia na chakula cha mara kwa mara. Hata hivyo tarajia kupungukiwa.

Anamfaa mwenye tangi kubwa, wazi, la kutazamwa kwa mbali. Mapokezi ya hoteli ni mahali pake hasa.

Anthiasi

Ukimuuliza aliyewahi kufuga wote watano yupi mzuri, wengi watamtaja huyu. Pseudanthias squamipinnis hukaa ukingoni mwa mwamba panapopita mkondo, mawingu ya machungwa. Hayo ni majike, wana mstari wa zambarau chini ya jicho. Dume ni zambarau iliyoiva, na mwiba mmoja mrefu kama bendera kwenye pezi la mgongo.

Nafasi. Lita 400, dume mmoja na majike manne hadi sita. Mfuniko wa wavu ni lazima, huruka.

Ukali. Kiasi. Madume wawili hawakai tangi moja. Wala huhitaji kununua dume: nunua majike matupu, mkubwa wao atageuka. Dume akifa pia, jike la juu hubadilika ndani ya wiki chache. Rangi huanza kuiva, mwiba hurefuka, na tabia yake hubadilika kabla hata ya sura.

Chakula. Hapa ndipo wengi hushindwa. Baharini mkondo humletea vijidudu kutwa nzima, naye hudonoa kimoja kimoja. Tumbo lake ni dogo, halina akiba. Mara tatu kwa siku ni kima cha chini, mara tano ndiyo bora: kamba wadogo sana waliogandishwa, mayai ya samaki, kamba iliyosagwa ikasuuzwa. Chenga kavu wengi huzitema mwanzoni. Zichanganye kidogo kidogo na chakula kibichi mpaka wazoee. Mtazame kwa juu. Nyuma ya kichwa kukiwa kumebonyea na kichwa kimeonekana kikubwa kuliko mwili, amekuwa na njaa muda mrefu, na akifika hapo kumrudisha ni vigumu.

Hewa na joto. Mbaya. Maji yakipita nyuzi 28 na stima haipo, huyu ndiye wa kwanza kuondoka.

Kinachoharibika. Chakula kingi huleta nitrati nyingi, kwa hiyo atakulazimisha uwe na chujio la povu, lile linalonasa uchafu kwa mapovu ya hewa, na ubadilishe asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki. Asiyeweza hilo hupunguza chakula, samaki wakafa njaa. Akiongeza chakula bila kubadili maji, mwani hufunika mawe. Hakuna njia ya katikati.

Anamfaa mwenye tangi kubwa lililokomaa mwaka, jenereta au betri kubwa, na mtu wa nyumbani mchana kutwa.

Gobi na kamba wake

Gobi wa jamii ya Amblyeleotris huishi shimo moja na kamba mdogo wa jamii ya Alpheus. Kamba haoni vizuri. Kazi yake kuchimba. Gobi hulinda mlango. Kaa kimya mbele ya kioo utaona: kamba anasukuma mchanga nje kama tingatinga, na ndevu yake moja ndefu haimwachi gobi. Gobi akitikisa mkia kamba hurudi ndani. Hatari ikizidi, wote wawili hupotea, vumbi tu linabaki.

Nafasi ni lita 80 hadi 100, mchanga wa sentimita 7 uliochanganywa na vipande vya kokoto ili shimo lisiporomoke. Mawe makubwa yakae juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga, yasije yakachimbuliwa yakawaangukia. Ukali hana, na domino atamfungia shimoni mpaka akonde. Chakula mara moja au mbili, kishushwe kwa bomba karibu na mlango, maana haji juu kugombania. Joto huvumilia kiasi. Kinachoharibika ni mambo mawili: huruka nje penye tundu lolote, na dawa ya shaba ikitiwa tangini, kamba hufa hata kwa kiasi kidogo.

Anamfaa mtu wa subira.

Siku ya kumleta

Kutoka Mombasa ni karibu kilomita 120, mfuko uwe ndani ya boksi la barafu, lakini bila barafu. Ukifika, uelee tangini dakika 15 kusawazisha joto. Safari ikiwa ya saa chache, dondosha maji ya tangi kwa mpira mwembamba dakika 30 hadi 45. Samaki aliyelala mfukoni usiku kucha hadondoshewi hivyo. Kinyesi kimejaza amonia, na pumzi yake imeyafanya maji kuwa na asidi ambayo huituliza amonia hiyo. Ukifungua mfuko gesi hutoka, asidi hupungua, na amonia huwa kali ghafla. Huyo pima chumvi ya mfuko, andaa ndoo ya chumvi hiyo hiyo, mhamishe mara moja, umzoeshe polepole akiwa humo. Maji ya mfuko yasiingie tangini kamwe.

Kwa hali yako

Tangi la lita 100, hujawahi kufuga: jozi ndogo ya samaki wa anemoni bila anemoni, au gobi na kamba wake. Wote wanne pamoja pia huelewana, ukifika lita 150 na kitu.

Stima kwako hukatika mara kwa mara na huna betri: wa mistari mmoja au samaki wa anemoni. Kromisi na anthiasi usiwaguse, hata wakija kwa bei ya kutupa.

Nyumba ya wageni yenye tangi la lita 400, jenereta, na mfanyakazi wa zamu: chagua kati ya kundi la kromisi na anthiasi kwa kujibu swali moja tu, nani atalisha saa tano, saa nane na saa kumi na moja, Jumapili zikiwemo. Akiwa hana jina, chukua kromisi, na ujue watapungua.

Kliniki au shule inayofungwa wikendi: domino peke yake kwenye lita 200. Watoto humpenda, na Jumatatu humkuta.

Tayari una domino na unataka mpole yeyote: mtege kwa chupa kwanza.

Na kama unasafiri kila wiki mbili, au nyumba ni ya kupanga na huenda ukahama, hifadhi iko pale pale. Januari hadi Machi, mto umepungua na bahari imetulia, toka na mashua wakati wa maji kupwa. Mwambie nahodha akusimamishe juu ya anemoni moja, asizunguke, mkae dakika kumi.